Majina Matatu Mkononi

Mjukuu wangu alirudi kutoka tamasha la sikukuu ya uhuru na utepe wa plastiki mkononi. Ndiyo ilikuwa tikiti yake. Mchumba wake aliinunua, akamfunga mwenyewe getini, na ukishafungwa hautoki ila kwa kisu.

"Sasa umevaa hirizi?" nikamuuliza.

"Haboba," akasema, ndivyo anavyoniita bibi yake, "hii ina chipu ndani. Mashine inaisoma, unaingia."

"Inasoma nini?"

"Jina tu."

Jina tu! Hapa Juba ukijua jina la mtu, la baba yake na la babu yake, umekwisha kujua kabila lake. Na wauza tikiti walitaka yote matatu.

Vita vipya vikaja hata bendera za uhuru hazijapauka. Mchumba akaenda Rejaf kumchukua mama yake, hakurudi. Mjukuu wangu akawa analala ameushika ule utepe. Mimi nikamtafutia gari la Uganda. Tulikubaliana: njiani akiulizwa, ataje jina la watu wangu, si la babu yake upande wa baba. Jina lile kwenye vizuizi vya barabarani lilikuwa linaua.

"Na huo utepe?"

"Mashine ilikuwa getini tu, haboba. Nani ataujua?"

Nikamburuta mpaka kwa Mganda mmoja anayetengeneza simu mtaa wa Hai Mauna. Akasogeza simu yake karibu na mkono, hata hakumgusa. Simu ikalia.

"Mama, mimi iko naona jina yake hapa. Yote tatu. Hawakuifunga na namba ya siri. Mtu yeyote iko na simu kama hii anasoma."

"Hata mwenye bunduki?"

"Kwani wenye bunduki hawana simu?"

Mdomo huchagua jina la kutaja. Kile kidude kinamjibu kila anayekisogelea, na aliyekivaa hana habari.

Nyumbani nikachukua kisu cha mboga. Akauficha mkono kifuani.

"Alisema tutaukata pamoja."

"Akirudi akukute hai. Leta mkono."

Akaleta. Nikakata, nikautia kwenye makaa palepale, maana namjua, angeushonea ndani ya nguo. Hakulia. Afadhali angelia.

Kwenye kizuizi cha Nesitu wenye bunduki walilisimamisha gari. Wakamuuliza jina, akataja la watu wangu. Wakamgeuza mikono, wakamnyang'anya simu, wakamwambia apande. Alinipigia kwa simu ya kuazima.

"Haboba, nimevuka." Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Yeye akangoja nimalize, kisha: "Amekuja?"

"Bado."

Miaka imepita, yuko kulekule. Akipiga huuliza hilo kwanza, kabla hata ya hali yangu. Natamani siku moja aniulize nimepika nini. Natamani kumwambia rudi, lakini vizuizi havijaondoka, na mimi si mtu wa kumwita mtoto kwenye moto. Basi nasema bado, halafu namsikiliza anavyopumua mpaka salio linakwisha.