Nilivyoipekua Halwa ya Mzee Khalfan

Sogea karibu nikuhadithie, na ukicheka sitokulaumu, maana siku hizi hata mimi nnacheka, ingawa siku yenyewe nilitamani ardhi ya Bawshar, nnakofanya kazi, inimeze pamoja na kiti changu.

Wiki hiyo nyumbani kwetu Al Amerat, Maskati, tulikuwa tunasubiri jibu la posa. Mama na shangazi walikwisha kwenda Sib kumposa Salma, binti wa Mzee Khalfan (tulisoma chuo kimoja, na sikuwa nnamtaka mwengine), na baba mtu, ambaye mimi nilikuwa sijapata kumuona, alisema atafikiri kwanza. Kumngoja mtu afikiri ni kazi ngumu, basi Jumamosi nikakaa na mama tukatazama filamu ya Kihindi. Nikueleze kidogo, upate kujua wazimu wangu ulikotoka. Inspekta mmoja mwaminifu anamwandama waziri mla rushwa. Waziri anampelekea boksi la mithai kituoni. Inspekta anatia mkono chini ya mithai, anatoa mabunda ya noti, anayamwaga mbele ya watu na kusema kwa sauti nzito kwamba sare yake haiuzwi. Mama alilia. Mimi nililala nikiwa inspekta.

Jumapili, wiki ya kazi ikianza, nikarudi kazini. Kazi yangu ni kupokea maombi ya vibali vya ujenzi, na asubuhi ile ukumbi ulijaa watu wameshika nambari zao. Akaja mzee mmoja, kilemba kimefungwa vizuri, hana nambari, akaweka mbele yangu bakuli la halwa, bado ina moto.

"Hujambo, mwanangu? Nimekuletea halwa."

Ningemuuliza tu shida yake, mambo yangekwisha hapo. Lakini mimi nilishahukumu, nikasimama, na ili ukumbi wote unisikie nikamjibu kwa Kiarabu kwamba hapa hatununuliwi. Watu wakageuka. Sasa ukishatazamwa na ukumbi mzima huwezi kukaa chini hivi hivi, basi nikafunua kifuniko, nikachukua rula, nikaichoma halwa mpaka chini nikitafuta noti.

Halwa ya moto unaijua. Rula ilinasa, nikaivuta, bakuli likaja nayo, nikatia mkono kulizuia, samli na zaafarani zikanipanda mpaka kwenye kiwiko cha kanzu yangu ya dishdasha, na lozi moja ikaruka ikatua juu ya faili la watu. Noti hakuna.

"Unatafuta nini, mwanangu?" mzee akauliza kwa Kiswahili, taratibu.

"Faili lako lipi?"

"Sina faili. Nimekuja kukuona wewe. Mama yako alitujia na mazawadi, nikasema nisije mikono mitupu. Mimi ndiye baba yake Salma."

Bibi mmoja kwenye foleni akashika kifua. "Uwi! Kampekua mkwewe!"

Mzee akaniaga kwa heshima (heshima ile iliniuma kuliko tusi) akatoka. Kabla ya adhuhuri mama alikwisha kupata habari, maana Waswahili wa Maskati hawahitaji gazeti, akanipigia simu. "Wewe umekuwa polisi lini? Rudi unichukue, twende Sib!"

Tulipofika, Mzee Khalfan akatukaribisha, akatumiminia kahawa. Nikamuomba radhi.

"Kuikataa rushwa si kosa, hilo nimelipenda," akasema. "Lakini siku binti yangu akikukosea, utamtangaza mbele ya watu kabla hujamuuliza?"

Mama akanitazama. Mzee akaniongezea kahawa.

"Basi leo sikubali wala sikatai. Uwe unakuja tuzungumze, nikujue."

Nikawa nnakwenda. Majira ya baridi yote, mpaka joto likaingia, nikinywa kahawa yake na kusikiliza zaidi ya kusema, na Salma akituma salamu kupitia kwa mdogo wake kuniuliza kama baba bado anafikiri. Siku aliyokubali, mzee alisema neno moja tu, "Haya," na mama akapiga vigelegele mpaka jirani akachungulia.

Zawadi kazini bado nnazikataa, na nawe ukipewa kataa, ila kwa sauti ya chini. Na kabla ya hapo, anayekuja mbele yako mpe kiti, muulize, "Nikusaidie nini?", kisha nyamaza mpaka amalize kusema.