Manyoya ya Mweusi ku Mugongo ya Dume Yetu

Mi nilichoka na basungura. Ninasema wazi, ju bantu banawaza kufuga sungura ya rasi, ya damu safi, ni kucheza. Banaona tu siku ya konkuru, ile mashindano, sungura alisha kuchanuliwa, anaikala pa meza kama waziri. Habaone ile asubui ya mwezi wa sita, baridi ya mashika inakuuma bidole, uko unakwangula mavi mu nyumba yao ya waya, kaji ya kumi na mbili, na kaji ine bado.

Kwetu Kampemba iko lupango moya ndogo, kiwanja ya nyumba. Nyumba mbele, basungura nyuma. Baba alikufa wakati ningali mu primeri. Kisha matanga, bibi moya jirani alikuwa anahama, akaachia mama sungura mbili, jike na dume, balitoka Zambia na papie yao ya ukoo. Rasi ya Kalifornia: mwili yote mweupe, macho mwekundu, lakini pua, masikio, miguu na mukia iko mweusi, kama vile alikunywa wino kisha akakanyaga makala. Mama akabapenda. Siku ya kuzaliwa kwangu anaweza kuisahau, hapana kambo, babu na bibi, ya kila sungura. Ile bote aliandika mu karnet, daftari yake, na mama hakusoma mingi.

Na kitu mama alikuwa anatafuta kilikuwa kimoya tu. Muhuri. Bafugaji ya muji beko na komite yao, na kila mwaka, mu lupango ya parokia, jiri, mwenye kuhukumu, anapima basungura. Kama dume yako inapita, anapiga muhuri mu karnet: rasi safi. Kama haina muhuri, bantu banakuita muuzishaji ya nyama, na hakuna mutu atakuletea jike yake. Mwaka wa kwanza tulienda, jiri akasema masikio iko murefu. Mwaka wa pili, ukucha moya ya mweupe. Ukucha moya! Nilikuwa ninataka kulia, na mama akaniambia tu, "Mwaka kesho, mama," vile banaita binti, akafunika kaji na kitenge.

Bon. Ile mwaka ninasimulia, tulikuwa na dume ya bien, ya muzuri kabisa. Ukucha zote mweusi. Nilizihesabu kila juma.

Mwezi wa sita mama akaenda Likasi ku matanga ya ndugu yake, akabakia kule siku kumi. Miye na mudogo wangu mwanamuke tukabakia na basungura. Siku ya tatu dume ikajikwaruza ku waya ya kaji. Ku mugongo, karibu na kiuno, kidonda kama sarafu, kisha kikavimba na usaha. Mi sikusoma uganga ya banyama, lakini niko na telefone na kichwa. Nikaangalia video. Nikakamata wembe mupya, mudogo wangu akashika dume mu kitambaa, nikanyoa pale, mukubwa kama kopo ya chai, nikakamula usaha, nikapaka dawa. Kila siku asubui na mangaribi. Kidonda kikapona. Wakati mama alirudia, hakukuwa kidonda tena, paka ngozi tu, iko uchi na baridi inaipiga.

"Njo nani alikufundisha?" mama akauliza.

"Mi mwenyewe."

Akachekelea. Ile siku nilijiona dokta.

Mwezi wa saba manyoya ikaanza kurudia. Mweusi. Hapana kidogo mweusi: mweusi kama masikio. Pale kote nilinyoa kukakuwa kama mutu alibandika kipande cha kitambaa ya kilio ku mugongo ya sungura mweupe. Nikawaza ni dawa. Nikasukula na sabuni. Hakuna. Mudogo wangu akasema:

"Yaya, tupake poda ya mutoto."

"Nitakupaka weye."

Lakini mu roho nilikuwa ninaiwazia, ile poda. Nikawazia na kungofola manyoya moya moya. Mama akanikuta niko natafuta kile kibano cha nyushi. Hakupiga kelele.

"Ukingofola hata moya, nitakungofola weye nywele. Atapimwa vile iko."

"Mama, batasema ilichanganywa damu!"

"Baseme. Mu karnet damu haikuchanganywa."

Siku ya konkuru tulibeba kaji kwa miguu mupaka parokia, ju mama hapendi sungura atikiswe mu motokari. Miye upande huu, yeye upande ule, tunabadilisha mukono kila mara. Tulifika bidole yangu imekufa ganzi. Lupango ilikuwa imejaa: bakina baba na mabuku ya ukoo, bakina mama na bitambaa, batoto banataka kugusa kila kitu.

Jiri ni muzee moya mwembamba, anavaa blusi mweupe kama ya dokta, anasema polepole mupaka unataka kumalizia sentensi yake. Akatoa dume yetu, akapima kilo, akaangalia meno, akafungua masikio, akahesabu ukucha. Nikaona anatikisa kichwa: ndiyo, ndiyo, ndiyo. Mama alikuwa anashika pindo ya kitenge chake na mikono yote mbili. Kisha muzee akageuza sungura, akaona mugongo. Akainama, akapuliza mu manyoya kuona ngozi.

"Hapa kulikuwa kidonda?" akauliza.

Mama akafungua kinywa. Lakini mi ndiye nilikuwa karibu na meza, na mi niko na kinywa ya mbio. Nyuma yetu kulikuwa bibi moya na kaji yake ya chuma ya kung'aa, nikamusikia anasema ku rafiki yake, "Kaji ya chafu njo inaleta bidonda." Damu ikapanda mu kichwa.

"Kidonda gani?" nikasema, na nguvu, bote basikie. "Kwetu sungura haipate bidonda! Mama yangu anasukula kaji kila siku ya Mungu! Ulishafika kwetu, weye?"

"Mutoto yangu," muzee akasema, "ninauliza tu. Mulimunyoa? Mu mashika?"

"Hatukunyoa kitu! Ni vile alizaliwa! Unatafuta sababu, kama mwaka jana na ile ukucha yako!"

Bantu bakacheka. Kijana moya akasema, "Avoka ya basungura!", kama vile niko wakili. Muzee akaniangalia sana, kisha akaangalia mama.

"Mama, ni vile?"

Na mama, ju nilisha kusema mbele ya bantu bote, ju akisema hapana atanifanya mwongo mu macho ya parokia nzima, akaangalia chini.

"Kama alizaliwa na ile alama," muzee akasema, "basi ilichanganywa damu." Akaandika. Akatupatia karnet. Muhuri hakuna.

Tulikuwa tunafunga kaji, akakuya pembeni yetu, sauti chini. Akatuelezea. Hii rasi, rangi ya mweusi inakuya na baridi. Njo maana pua na masikio na miguu iko mweusi: ni kule mwili inapoa. Ukinyoa mugongo yake mu mashika, ngozi inapoa, manyoya inarudia mweusi. Akibadilisha manyoya, inarudia mweupe. Kila mufugaji ya zamani anajua. "Mungesema tu kulikuwa kidonda," akasema, "ningeandika kidonda, ningepiga muhuri. Ile alama ingekuwa ushahidi iko rasi safi. Sasa bafugaji bote balisikia hakunyolewa. Nitafanya je?"

Njia yote ya kurudia mama alibeba upande yake ya kaji, hakubadilisha mukono. Mi nilizoea mama akinigombeza. Ile siku hakunigombeza, na hiyo ilinichosha kuliko kaji.

Dume ikabadilisha manyoya mupaka Noeli. Mugongo ikakuwa mweupe kama unga ya bukari, ugali yetu. Nikaibeba peke yangu mupaka kwa muzee, kule njia ya Luano, nikamuambia yote: waya, wembe, video. Akasikiliza. Akapitisha bidole mu manyoya. Nikatoa karnet.

"Hapana," akasema. "Mi ninakuamini. Lakini haukunidanganya miye peke yangu. Siku ya mukutano ya bafugaji, ukuye useme mbele yao."

Nikakasirika. Nikamuambia eko na roho mubaya. Akasema, "Ndiyo, mutoto yangu," akanipatia maji ya kunywa.

Mukutano ilikuwa siku ya yenga, ile ya Mungu, kisha misa. Miye ninasema mupaka bantu banafunga masikio, lakini ile siku nilisema kidogo. Nikasimama. Nikasema: "Kulikuwa kidonda. Ni miye nilinyoa. Mama alikuwa Likasi. Nilikatala, nikadanganya, ju nilisikia haya." Nikaikala. Yule bibi ya kaji ya kung'aa akasema, "Leo ni kidonda, kesho itakuwa nini?" Nikafungua kinywa, mama akanikanyaga muguu, nikafunga. Muzee akaweka dume pa meza, bote bakapita kuangalia, moya moya, banageuza manyoya. Bengine bakatikisa kichwa ndiyo. Bengine bakaenda zao. Kisha akapiga muhuri. Ilisikilika kidogo sana, tap, na wino haikushika muzuri upande moya.

Ku nyumba mama akaikala pa benchi ya mulango, viatu ya misa mu miguu.

"Juu ya nini ulisema hapana, ile siku?"

"Sikutaka baseme kaji yako iko chafu."

Akacheka, ile kicheko ya mutu anachoka.

"Sasa banajua dume alipata kidonda. Banajua niko na mutoto mwongo. Banajua na miye nilinyamaza." Akafungua karnet pa muhuri, akapitisha kidole. "Juu ya kaji yenyewe, hakuna mutu aliuliza."

Nikamuangalia: alisha kulala, kichwa ku ukuta, karnet ingali wazi pa magoti.