Mwanaume Aliyesikika Chumbani Mwangu

Kwa miaka kumi na mmoja niliongoza sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa letu la mabati pale mtaani Laini Saba, hatua chache kutoka kwenye reli. Sisemi hivi kwa majivuno, ingawa majivuno pia yalikuwepo. Jumapili nikianza kuimba, watu waliokuwa wakipita na mizigo yao walisimama kidogo, na wengine waliingia wakakaa nyuma. Mchungaji alizoea kusema kwamba mimi ndiye kengele ya kanisa, maana ile ya chuma hatukuwahi kuipata. Siku za kazi niliuza mboga kwenye kibanda: sukuma, kunde, mrenda na nyanya. Sikuwa mtu wa kuita wateja. Nilikuwa nakatakata sukuma huku nikiimba, na wateja walikuja wenyewe.

Aliyeiona shingo yangu kwanza ni mwalimu wetu wa kwaya, mzee mpole aliyekuwa akishona viatu kando ya njia. Katika mazoezi ya Jumamosi moja aliinua mkono, wimbo ukakatika, akaniangalia kwa makini.

"Dada, umemeza nini?"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Nilipofika nyumbani nilijitazama kwenye kioo, nikaona kweli kuna kitu kama yai chini ya koo. Mume wangu akakigusa kwa kidole chake kigumu. Yeye ni fundi wa kuchomelea milango na madirisha ya chuma, na vidole vyake havijui kugusa kitu polepole, lakini siku hiyo vilijua.

Hospitalini daktari alituambia kwamba ni goita, na kwamba imeanza kuteremka kuelekea kwenye njia ya hewa. "Lazima tuitoe, mama. Lakini mshipa unaoendesha sauti unapita hapo hapo. Mara nyingi tunaukwepa vizuri. Mara chache unaumia."

"Ukiumia?"

"Utaongea. Kuimba ndiko siwezi kukuahidi."

Tukaanza safari ya kurudi. Mume wangu akasema, "Mimi nilioa mtu, sikuoa spika." Nilimpiga na mkoba, lakini maneno hayo nilienda nayo mpaka siku ya upasuaji.

Kanisa lote liliomba. Tena waliomba sana, kina mama wakashika zamu za kufunga. Nilipoamka na bandeji shingoni, nilitaka kumwambia muuguzi asante. Kilichotoka kilikuwa hewa tupu.

Ilichukua majuma mengi kabla sauti yoyote haijasikika, na iliyokuja haikuwa yangu. Ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo, kama meza inayoburutwa kwenye sakafu ya saruji. Siku ya kwanza kupokea simu nayo, aliyepiga alikuwa mama yangu kule Kakamega.

"Mkwe wangu," akasema kwa heshima zote, "mgonjwa anaendeleaje?"

"Mama, ni mimi."

Kisha akasema, kwa huzuni, kwamba si vizuri mwanaume kumfanyia mama mkwe wake mzaha wa namna hiyo. Ikabidi nimtajie kovu nililopata gotini nikiwa mdogo, na siku niliyolipata, ndipo akaamini. Akalia kidogo, halafu akacheka, nami nikafanya vivyo hivyo.

Lakini si wote waliocheka. Maneno yalianza kuzunguka kwamba nilikuwa nikijiimbia mwenyewe badala ya kumwimbia Mungu, ndiyo maana nimenyang'anywa. Rafiki yangu wa kwaya, tuliyesimama naye bega kwa bega miaka yote hiyo, hakuamini hayo, lakini alikuwa na wasiwasi wake. Akanishika mkono akanipeleka kwa nabii mmoja aliyekuwa amekodi ukumbi, mwenye spika nne kubwa. Nabii alinisimamisha mbele ya watu.

"Kuna dhambi imekaa kooni! Itaje itoke!"

Nilifikiri kwa uaminifu kabisa. Dhambi nilizipata, tena nyingi, lakini hakuna hata moja iliyolingana na ile goita. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini spika zake zilikuwa kubwa na sauti yangu ndogo. Nikainama kidogo kwa adabu, nikatoka.

Rafiki yangu alinifuata nje akiwa amekasirika. "Kwani hutaki kupona?"

"Nataka," nikamnong'oneza. "Lakini Mungu ninayemjua hajawahi kuniita kwa kunifokea. Nitamngoja yule yule."

Hakuongea nami kwa muda mrefu baada ya siku hiyo.

Nikisema hivyo mtu anaweza kudhani imani yangu ilikuwa imara kama mwamba. Haikuwa hivyo. Ya nabii yalikuwa mepesi. Jumapili ndizo zilizonishinda. Nilikaa kwenye viti vya nyuma, nikafungua mdomo bila kutoa kitu, huku msichana niliyemfundisha mwenyewe akiongoza sauti ya kwanza. Aliimba vizuri, na hilo ndilo lililoniumiza. Nilimwambia Mungu, "Si ungechukua hata kidole cha mguu?" Nilimwambia mengi kama hayo nikiosha nyanya.

Jumapili moja nilikaa kitandani nikamwambia mume wangu kwamba siendi. Nilitarajia anibembeleze au anihubirie. Yeye alivua viatu alivyokuwa ameshavaa, akaja kukaa karibu nami.

"Basi tukae," akasema.

Tukakaa. Kutoka chumbani kwetu kanisa lilisikika vizuri, na punde kwaya ikaanza. Nikasikiliza ubeti wa kwanza, nikasikiliza wa pili. Walikuwa wakiimba polepole mno, wakiuburuta wimbo kama gunia. Nilivumilia mpaka kwenye kiitikio, kisha nikasimama nikaanza kutafuta kitambaa changu cha kichwa.

"Unaenda wapi?" mume wangu akauliza.

"Wanaharibu wimbo."

Sijui kama hiyo inaweza kuitwa imani. Najua tu kwamba nilifika kanisani kabla ya mahubiri, na sikukosa Jumapili nyingine.

Mwaka uliofuata mume wangu alipata nafasi nzuri zaidi ya karakana Kawangware, tukahamia Kongo, mtaa mmoja wa huko huko. Mwenye ploti alikuwa mama mzee wa Kikuyu, mjane, aliyezaliwa pale pale. Wapangaji wote walimwita shosho, kama wajukuu wanavyomwita nyanya yao. Nyumba yake ya mawe ilikuwa mbele, na vyumba vyetu vya mabati vilijipanga nyuma. Siku ya kuhamia alitusomea masharti: maji yasimwagwe ovyo, redio isipigwe mpaka majirani waumwe na kichwa, na mwanamke ambaye mume wake amesafiri asilete mwanaume mwingine ndani ya ploti yake. Sharti hilo la mwisho alilisema akiniangalia mimi, ingawa tulikuwa tumesimama wawili. Niliitikia kwa kichwa. Bado nilikuwa naionea haya sauti yangu mbele ya wageni, na kwa majuma kadhaa nilimsalimia shosho kwa kumpungia mkono na kutabasamu tu.

Kisha mume wangu akapata kazi ya majuma mawili Naivasha. Kulipokuwa kimya chumbani, jambo fulani lilinijia. Hapa hakuna anayejua nilivyokuwa nikiimba zamani. Hakuna wa kulinganisha. Asubuhi ya kwanza, saa kumi na mbili, nilipiga magoti nikaomba kwa sauti, mara ya kwanza tangu upasuaji. Nilikuwa nimezoea kuomba moyoni. Kumbe nilikuwa nimeikosa hiyo ya kusikika. Siku ya pili niliomba zaidi. Siku ya tatu niliomba mpaka nikaongeza na wimbo.

Sikuwa hata nimesema amina, mlango ukagongwa kwa fimbo.

"Fungua!"

Nikafungua. Shosho alikuwa amesimama na leso mabegani, na nyuma yake wapangaji watatu wenye mitungi ya maji, ambao walikuwa wameacha kabisa shughuli ya kuchota. Hakunisalimia. Aliingia, akafunua pazia, akaangalia nyuma ya kabati, akainama kwa taabu akachungulia uvunguni.

"Ako wapi?"

Nilitikisa kichwa.

"Usinitikisie kichwa! Nimemsikia na masikio yangu. Siku tatu! Bwana yako anachoma vyuma huko Naivasha, na wewe unaweka mwanaume hapa. Na hana hata aibu, anaomba! Anaita Yesu ndani ya nyumba ya bibi ya mtu!"

Nilijaribu kujizuia nikashindwa. Kicheko kilinitoka, na kilitoka na sauti ile ile, nzito, mpaka mabati yakaitikia. Shosho alirudi nyuma hatua moja. Mmoja wa wale wenye mitungi akasema, "Ai!"

"Ni mimi, shosho," nikamwambia nikifuta machozi. "Huyo mwanaume ni mimi."

Alinitazama mdomoni kama mtu anayetazama redio. Akaniambia niseme tena. Nikasema tena. Ndipo alipokaa kwenye kitanda changu, akaweka fimbo chini, akacheka mpaka leso ikamwanguka. Wapangaji aliwafukuza. Mimi nikabandika chai, na tulipokuwa tukinywa nikamweleza yote, tangu kile kitu kama yai mpaka nabii na spika zake nne.

Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipofika pale pa kumwambia Mungu maneno makali, nilisita, maana nilikuwa nimesikia kwamba yeye ni mzee wa kanisa.

"Sema tu," akasema. "Mimi nimezika bwana yangu na wasichana wangu wawili. Nilimwambia Mungu maneno siwezi kurudia mbele ya mpangaji. Lakini nilikuwa nikimwambia yeye. Sikuwahi kumnyamazia." Akanyoosha kikombe niongeze. "Na wewe hukumnyamazia. Nimekusikia. Ploti yote imekusikia."

Kisha akaniuliza kama najua kusoma nota. Nikamwambia najua kidogo. Akasema kwaya ya kanisa lao haina sauti ya tatu. Waliokuwepo, mmoja amehamia kwa mwanawe na mwingine hulala ibada nzima.

"Shosho, sauti ya tatu ni ya wanaume."

"Si nimekusikia nikidhani wewe ni mwanaume? Jumamosi saa nane. Usichelewe."

Mwalimu wa kwaya hiyo alikuwa kijana mwenye haraka. Shosho alinisukuma mbele yake akasema, "Huyu ni wa sauti ya tatu," akaenda kukaa. Kijana alinitazama, akamtazama shosho, akaona ni salama kutobishana. Akanipanga kati ya seremala mmoja mrefu wa sauti ya nne na yule mzee wa usingizi. Seremala akanisogezea kitabu. "Karibu, ndugu," akasema, kisha akajishika mdomo.

Tukaanza. Kwa zaidi ya mwaka mmoja nilikuwa nikiitafuta ile njia ya juu na kuikuta imefungwa. Sasa nikateremka, nikaenda kule kwa wanaume, nikaikuta sauti yangu imesimama palepale panapotakiwa. Haikuwa tamu. Lakini ilishika, na nyimbo nilizoziimba miaka yote nikazisikia upya, kama mtu anayeingia nyumba anayoifahamu kwa mlango wa jikoni. Mzee wa usingizi hakulala siku hiyo. Alisema nilikuwa namwimbia karibu mno na sikio.

Mume wangu aliporudi kutoka Naivasha, shosho alimkuta langoni kabla yangu, akamwambia kwa uso mkavu kwamba nyumbani kwake kumepatikana mwanaume, tena mwimbaji. Maskini aliacha begi lake barabarani.

Pasaka iliyofuata kwaya yetu ilialikwa Laini Saba, katika kanisa langu la zamani. Niliingia nikiwa kwenye mstari wa wanaume, na mwalimu wangu, fundi viatu, akanipita kwa macho bila kunitambua. Tulipoimba akageuza kichwa, akatafuta, akanipata. Aliinua mikono yote miwili juu, kama mtu aliyefunga bao. Baada ya ibada, msichana anayeongoza sauti ya kwanza alinikumbatia. "Dada, nilikuwa naogopa hata kukuangalia," akasema. Nikamwambia ukweli: kwamba nilikuwa na wivu, na kwamba wivu umeisha, na kwamba ubeti wa tatu apumue mapema kidogo. Rafiki yangu wa safari ya nabii alikuja mwisho. Alinishika mkono na kuanza kutembea nami kuelekea kwenye chai, tukazungumza habari za watoto wake.

Kabla ya kuondoka, mchungaji aliniita mbele nitoe ushuhuda. Niliona watu wakijiweka sawa vitini, wakingoja muujiza.

"Sauti yangu haijarudi," nikawaambia. "Daktari anasema haitarudi. Niliomba kitu kimoja nikapewa kingine, na siku nyingi sikukitaka. Lakini Bwana ni yule yule, na mimi bado ni wake, na..."

Sikumaliza. Kijana wa mitambo ya sauti alikuwa amekuja mbio, akaninyang'anya kipaza sauti, akaanza kukigonga na kukizungusha, akiomba radhi kwa kanisa lote kwamba kimeharibika, kinakwaruza. Watu walicheka hata mchungaji akashindwa kuwatuliza. Fundi viatu ndiye aliyeanzisha wimbo, nasi tukaudaka kila mtu kwa upande wake.