Sinema Tuliyoiacha Katikati

Nakumbuka Jumamosi moja ya baridi kule Timau, nikiwa na miaka kumi na sita, katekista alipoleta mashine ya sinema katika ukumbi wa kanisa. Madirisha yalizibwa kwa magunia ya viazi, jenereta ikanguruma nje, na watoto wa kijiji kizima wakajazana kwenye mabenchi pamoja na mama zao. Nilikuwa nimempakata dadangu Kanana, kitinda mimba wetu, aliyekuwa na miaka sita. Nilimpenda sana mtoto huyo, mwanangu. Nalisema mapema kwa sababu yanayofuata hayatalionyesha.

Sinema yenyewe ilikuwa ya watoto. Kulikuwa na jitu lenye manyoya marefu lililoishi katika stoo ya familia fulani, na kila mlango wa stoo ulipolia, ukumbi mzima ulipiga kelele kisha ukacheka. Kanana alificha uso katika sweta yangu, akichungulia kwa jicho moja. Aliogopa na kufurahi kwa pamoja, kama watoto wote. Ila saa kumi ilikaribia, na baba hakuwa mtu wa kuelezwa kwa nini ng'ombe hawajakamwa. Nikamnyanyua Kanana tukatoka, jitu likiwa limesimama mlangoni na watoto wamekwama ndani. Njia nzima aliniuliza watoto wale walitokaje. Nikamwambia anyamaze atembee.

Hapo nilikosea mara ya kwanza, na nilikosea nikijua. Nyanya yetu, mama wa baba, alitusimulia hadithi za zimwi, ambalo sisi Wameru huliita irimu, naye alikuwa na sharti moja: mtoto hainuki motoni kabla irimu hajafa na watu aliowameza hawajatoka tumboni mwake. Mtoto akienda msalani, hadithi ilisimama mpaka arudi. Ukimwacha irimu hai, alisema, umempa mtoto mgeni wa kwenda kulala naye. Niliona hayo ni mambo ya wazee tu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini guu lililovunjika halikuwa langu.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Siku hizo nilikuwa nimenogewa na mchezo wa drafti, tukichezea vifuniko vya soda nje ya duka la kusaga unga, na Kanana alinifuata kila mahali kama mkia. Njia ya kwenda dukani ilipita mbele ya stoo yetu ya viazi. Nikamwambia lile jitu lilitoka kanisani, sasa linaishi kwetu stoo, na linapenda watoto wanaofuata kaka zao, nikaapa. Hakunifuata tena. Alisimama mlangoni pa jikoni, kidole mdomoni, akinitazama nikienda. Niliona nimepata fimbo isiyoacha alama, nikaitumia miezi miwili. Akikataa uji, jitu. Akinisemea kwa mama, jitu.

Kisha ikaja siku ya mvua ya mawe. Baba na mama walikuwa katika mavuno ya ngano kwenye shamba kubwa walikofanya kibarua, nami nimeachiwa Kanana. Baada ya chakula cha mchana nilifunga nyumba na jiko kwa kufuli, asije akamaliza sukari, nikatia funguo mfukoni, nikaenda zangu. Stoo peke yake ndiyo iliyobaki wazi. Mvua ilitukuta mchezoni. Tulijibanza barazani mwa duka tukicheka jinsi mawe yalivyorukaruka juu ya mabati. Sikumkumbuka mtoto mpaka ilipokatika.

Nyanya ndiye aliyemkuta. Alikuwa amechutama nje, hatua tatu kutoka mlango wa stoo uliokuwa wazi, amejifunika kichwa kwa karai, nguo zimemganda mwilini. Nilipofika kwa nyanya nikihema, Kanana alikuwa kando ya moto amefungwa mablanketi, meno yakigongana, na nyanya ameshamuuliza yote. Hakunipiga. Laiti angenipiga. Alisema polepole, huku akiendelea kuisugua miguu ya mtoto:

"Mimi huwapa irimu nikiwa nimewashika mkono. Wewe ulimpa huyu irimu, ukamwachilia mkono."

Kanana alilazwa wiki tatu kwa homa ya mapafu. Wiki ya kwanza hatukujua kama atarudi nyumbani, na mama hakunisemesha. Mimi nilikwenda kwa katekista kumuuliza sinema ile iliishaje, maana hata mimi sikujua. Akanieleza kwamba jitu lilikuwa likiwaogopa wale watoto. Yule mdogo wao alilipa blanketi, likajikunja likalala, na mama yao akalipikia uji. Watu walitoka ukumbini wakicheka. Tungekaa dakika kumi zaidi, mwanangu. Dakika kumi tu.

Nikaenda hospitali na mwisho huo kama mtu aliyebeba dawa. Nikampa wote, mpaka uji. Kanana alinisikiliza akitazama dari.

"Unasema hivyo ndio niingie stoo," akasema.

Nikaapa.

"Hata ile ingine uliapa."

Alipona, Mungu asifiwe. Mama alimpeleka kwa katekista, akaambiwa yaleyale niliyomwambia, akaamini, na stoo akaingia. Jitu hakuliogopa tena. Wasemao zimwi likujualo halikuli likakwisha wamesema kweli, maana mimi nilimjua na sikummaliza. Alisoma, akaolewa Mitunguu, ana shamba zuri la ndizi, na nikimtembelea ananipikia vizuri kuliko mtu yeyote. Lakini baba alipofariki, mimi ndiye niliyempigia simu. Nikamwambia, "Kanana, baba ametuacha." Akasema kwa upole, bila hasira yoyote, "Nipee mama niongee na yeye."

Tulikuwa wazee tayari sisi wawili. Nikampa mama simu, nikaenda kusimama nje.

Nakuambia haya kwa sababu nilipokuja kwako juzi, uliwafungulia watoto filamu ya mazimwi, ukaenda kuongea na wageni, kisha ukawaita kula ikiwa katikati. Na yule mdogo alipogoma kula, ulimwambia lile zimwi liko chini ya kitanda. Ulicheka. Hata mimi nilikuwa nikicheka.

Filamu ya kutisha kidogo si mbaya, mwanangu. Mtoto anahitaji kuonja hofu akiwa mahali salama, ndipo ajue hofu hupita. Lakini ichague wewe mwenyewe, iliyo kipimo chake. Keti naye, umwache akufinye mkono, na msiinuke kabla haijaisha, hata kama chakula kitapoa. Akikuuliza kama ni kweli, mjibu ukweli, hata pale uongo ungekurahisishia kazi. Siku moja utakuwa na neno zito la kumwambia, na utataka akuamini.

Mungu akulindie watoto wako na kila lenye meno. Akulindie pia neno lako masikioni mwao, ukae ukiita na waitike, mpaka uwe na mvi kama zangu. Amina.