Mfuko wa Goti la Mama Mkwe

Badria, fundi cherehani wa Mtaa wa Msimbazi, alirudi nyumbani akiwa hoi kwa wateja wasiojua wanachotaka. Akamkuta mama mkwe wake, Bi Sitara, anaugulia goti. Basi akakata kanga kuukuu, akashona mfuko mdogo, akaujaza mchele mkavu, akamwonyesha namna ya kuupasha kwenye maikrowevu na kujikanda.

"Mchele mtupu hauna dawa," alisema Bi Sitara. "Kinachotoa baridi ni karafuu."

"Mama, joto linatosha."

Kumbe alikuwa anampigia mbuzi gitaa. Kesho yake alikuta mshono umefumuliwa, mchele umechanganywa na karafuu, mdalasini, iliki na bizari nzima. Akaushona upya huku roho inamchemka.

Tangu hapo, kila mfuko ulipopashwa nyumba nzima ilinukia pilau. Majirani wakaanza kupita "kusalimia" wakati wa chakula. Wakipakuliwa ugali na mchicha, wakaona wanabaniwa. Mumewe, Twaha, naye akanuna. Badria alipomweleza kwamba ni mfuko wa mama yake, akacheka kwa dharau. "Goti gani linanukia iliki?"

Ijumaa akaja na rafiki zake, wakanawa mikono kabisa. "Leo hatubanduki hapa!"

Badria akainuka. Aliingia jikoni, akarudi na sinia, akalitua mkekani. Katikati yake, mfuko wa kanga ulikuwa ukifuka mvuke.

"Karibuni pilau."

Bi Sitara akaita kutoka chumbani, "Mkimaliza nirudishieni, goti bado linaniuma!"