Benchi la Upande wa Jua

Kutoka bandarini Bergen hadi kwenye ziwa dogo la katikati ya mji ni mwendo wa dakika kumi, na katika dakika hizo kumi Asbjørg Tveitnes alinyeshewa mvua, akapigwa na mvua ya mawe, kisha jua likamwakia usoni kana kwamba hakuna kilichotokea. Hakushangaa. Mwezi wa tatu kwetu hauna adabu, na mtu akiulalamikia anajulikana mara moja kuwa ni mgeni. Yeye alikuwa na chupa yake ya kahawa, mkate wa jibini ya kahawia uliofungwa kwa karatasi, na kigodoro chake cha kukalia, kile kipande cha sponji ambacho mwenye akili timamu haondoki nyumbani bila kukichukua.

Kilichomsumbua ni moyo, si hali ya hewa. Mfukoni alikuwa na kadi kutoka kwa Ottar, mdogo wake wa pekee, ambaye hawajasemezana naye kwa miaka ishirini na sita. Iliandikwa hivi: "Alhamisi saa sita mchana. Benchi lile la upande wa jua, tulipokuwa tukikaa na mama. Usipokuja nitaelewa."

Kwenye boti asubuhi, Jorunn mkata tiketi alikuwa amemtazama juu hadi chini.

"Leo umependeza, mama. Unaenda kuposwa?"

"Naenda kwa daktari wa meno."

"Na hiyo rangi ya mdomo ni ya daktari wa meno? Haya. Boti ya kurudi ni saa nane, na haimsubiri mtu, hata aliyeposwa."

Asbjørg alicheka kidogo, akageukia dirishani. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mpishi katika nyumba ya wazee huko kijijini kwao, na watu walimjua kwa mambo mawili: supu yake ya samaki na ulimi wake. Supu iliwaponya wengi. Ulimi ulimponza yeye mwenyewe, siku ya mazishi ya mama yao. Ilikuwa mwezi wa tatu pia. Ottar alikuwa anatoka ng'ambo ya milima, theluji ikafunga barabara, akafika kaburi limekwisha kufukiwa na watu wanakunywa kahawa. Asbjørg alimwambia mbele ya wote: "Kama ulikuwa uje saa hizi, afadhali usingekuja kabisa." Ottar aliweka kikombe chini, akavaa koti lake, akaondoka. Tangu hapo Asbjørg alianza barua nyingi za kuomba radhi, na zote ziliishia kuwashia moto jikoni.

Alifika benchini saa sita kasoro dakika tano. Ncha ya mbali ilikuwa na mtu tayari, skafu hadi puani, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi, miwani ya jua, uso ameuelekeza juu. Asbjørg akatandika kigodoro chake kwenye ncha nyingine, kama inavyopasa. Mjini hatumsalimu mtu tusiyemjua. Unakaa mbali naye, unatazama mbele, unamwachia amani yake, na kumkodolea macho ni ujeuri. Milimani ndiko tunakokuwa watu wengine: ukikutana na yeyote kwenye theluji humpiti bila salamu, na ukiwa na chungwa unamgawia. Kwa nini iko hivyo sijui, na sijamsikia mtu akiuliza.

Kwa hiyo hakumtazama. Lakini alimwambia kimoyomoyo: ondoka basi, baba, mdogo wangu apate pa kukaa.

Jua lilikuwa na joto kweli sasa. Alifumba macho kama sisi sote tunavyofanya mwezi huu, mgongo ubaoni, kidevu juu. Mwanga ukapita kwenye kope zake ukawa mwekundu, na ndani ya wekundu ule alimwona mama yake akitandaza ngozi ya kulungu kwenye theluji, juu kule nyuma ya shamba, siku za Pasaka. Mama alikuwa kijana. Hakuwa na haraka yoyote. Ottar, mwenye miaka sita, alikaa kati yao akimenya chungwa kwa kidole gumba, polepole, ulimi umetoka nje, ili ganda litoke zima bila kukatika. Harufu ya lile chungwa ilikuwa kali kiasi kwamba Asbjørg alimeza mate. Alitaka kukaa pale daima. Kisha kengele ya kanisa ikalia saa saba na ndoto ikamtoka, ingawa harufu, ajabu, ilibaki puani.

Alitazama njia ya kulia, akatazama ya kushoto. Wapita njia tu.

"Haji," alijiambia. "Nilimwambia asije, naye amenisikiliza."

Aliumia. Aliona haya pia, kwa ile rangi ya mdomo. Akafunga chupa yake ya kahawa, na alipotaka kuinuka, wingu likafunika jua na theluji ikaanza kuanguka.

Haikuwa theluji ya mzaha. Ilianguka nzito, bila upepo, bila sauti. Ziwa likapotea. Maduka yakapotea, mabasi nayo, na kengele, na njia zote mbili. Ikabaki benchi moja katikati ya weupe, na watu wawili juu yake. Hapakuwa tena na mji, na mdomo wa Asbjørg, uliofundishwa tangu utotoni la kufanya mahali kama hapo, ukafunguka wenyewe.

"Habari za leo?"

"Nzuri," alijibu yule mtu, akavua miwani iliyozibwa na theluji. "Karibu chungwa."

Alinyoosha mkono wenye nusu ya chungwa. Katika mkono wa pili ganda lilining'inia, refu, zima, halikukatika popote. Asbjørg aliliangalia ganda, kisha akapandisha macho. Nyusi zilikuwa zimeota mvi, lakini macho yalikuwa ya mama.

"Ottar. Umekaa hapa tangu saa ngapi?"

Yule mtu akashusha skafu.

"Saa tano," alisema. "Saa nzima na zaidi naomba huyu mama wa pembeni aondoke, dada yangu apate pa kukaa."

"Na mimi nilikuwa nakufukuza wewe."

Asbjørg alikuwa ameandaa maneno njia nzima kwenye boti. "Yale niliyokwambia siku ile..." alianza.

"Safari hii nimewahi, dada," alisema Ottar.

"Umewahi. Mimi ndiye niliyechelewa."

Aliinuka, akakung'uta theluji kwenye kigodoro chake, akakihamishia kando ya kile cha mdogo wake, akakaa. Wakala chungwa lililoingia theluji. Saa nane honi ya boti ilisikika kutoka bandarini, mara mbili, na Asbjørg akammiminia Ottar kahawa.