Nguruwe wa Mama Asende

"Nguruwe wa Mama Asende ndio walioleta homa hii hapa mjini Baraka," anatangaza katekista wetu.

Uongo! Na mimi niliuamini, nikatia sahihi karatasi ya kumfukuza.

Leo ni siku ya nne mke wangu na mimi tunaumwa. Hakuna jirani aliyevuka mlango.

Asubuhi akaingia Mama Asende, na uji.

Nikaona haya. "Mama, hauogope homa yetu?"

"We baba, nguruwe zangu hazikohoe. We ndiye ulishika mikono ya bantu bote ku soko, homa ikakupata kule. Kunywa!"

Mke wangu amekunywa, ameketi. Asante sana, mama.

Ninyi mliotia sahihi pamoja nami: nendeni leo kwa shefu, chifu wetu, kabla karatasi haijapelekwa Fizi kwa Mzungu anayetawala teritwari yetu. Futeni majina yenu. Mimi bado siwezi kusimama. Mfute na langu.